Umenunua Subaru WRX, kitabu chake kiko wapi?

Wadau, leo naomba tuongee kuhusu kitabu. Si riwaya, wala si kitabu cha siasa. Ni lile buku nene ambalo kiwanda cha magari huwaandikia mafundi wake, likieleza gari linafunguliwaje, linafungwaje, kila bolti inakazwa kwa nguvu kiasi gani na kila waya unatoka wapi kwenda wapi. Msilichanganye na kile kijitabu kinachokaa kwenye droo ya dashibodi kikikufundisha kuwasha taa na kubadili tairi. Kijitabu kile ni cha dereva. Mimi nazungumzia cha fundi.

Hoja yangu naitoa mapema ili tusizungushane. Mtu anayenunua gari lenye nguvu bila kutafuta kitabu chake amenunua nusu ya gari. Na yule fundi tunayemtukana kila siku kwamba "ameua injini", mara nyingi sisi wenyewe tumempa kazi ya daktari huku kabati la vipimo likiwa limefungwa na ufunguo uko Japani. Lawama hizi inabidi zigawanywe vizuri. Fundi anayo sehemu yake, lakini wenye magari tunayo yetu, viwanda vina yao, na serikali zetu nazo zina yao.

Nachukua mfano wa Subaru Impreza WRX kwa sababu hapa kwetu gari hili halihitaji utambulisho. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Waliokuwa wakifuatilia Safari Rally wanakumbuka Colin McRae akishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akifanya hivyo mwaka 2000. Kelele ya ile injini na ile rangi ya buluu vilituingia kichwani tangu utotoni. Na kwa kuwa Tanzania na Kenya tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, magari yaliyotumika kwao yanateremka Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na usukani upande tunaoutaka. Kwa hiyo kijana wa Nairobi au wa Sinza akipata kazi nzuri, ndoto ya kwanza ni kiwanja, na ya pili (kwa wengine ni ya kwanza) ni ndinga yenye turbo.

Ndinga inafika. Siku ya kwanza ni picha. Wiki ya pili ni rimu mpya. Mwezi wa pili ni ekzosi ya kuamsha mtaa mzima. Halafu miezi inapita na injini inaanza kugonga. Hapo ndipo tunaanza kuulizana: fundi wa Subaru yuko wapi? Hakuna anayeuliza: kitabu cha Subaru kiko wapi?

Hebu tuingie ndani kidogo ili tuelewane ninachokilalamikia. Injini ya WRX nyingi tulizonazo ni ya familia inayoitwa EJ. Ilianza kutumika mwaka 1989 kwenye Subaru Legacy, na ikadumu muda mrefu kiasi kwamba mwaka 2019 Subaru walitangaza toleo maalum la magari 555 la kuiaga EJ20 kwao Japani. Ile namba 20 ni ujazo wa lita 2, au kwa hesabu kamili sentimita za ujazo 1994. Kilichoitofautisha na injini za Toyota tulizozizoea ni namna pistoni zilivyolala. Kwenye Toyota nyingi pistoni nne zimesimama kwenye mstari mmoja. Kwenye EJ zimelala mbili kulia na mbili kushoto, zikienda nje na kurudi ndani kama mabondia wanaorushiana ngumi. Ndiyo maana inaitwa boksa. Kwa hiyo ina silinda hedi mbili, gasketi mbili, na mkanda wa taiming unaozunguka kote huko.

Sasa chukua kazi ya kawaida kabisa: gari limechemsha, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Fundi anafungua, anapeleka hedi kuchongwa, ananunua gasketi mpya, anarudisha. Kwenye kurudisha hapo ndipo kitabu kinapozungumza. Bolti za hedi ya EJ hazikazwi mara moja mpaka mkono uchoke. Zinakazwa kwa mpangilio maalum, zinakazwa tena zaidi, halafu zinalegezwa nusu mzunguko, zinalegezwa tena nusu mzunguko, kisha zinakazwa upya. Hatua za mwisho hazipimwi kwa nguvu tena, zinapimwa kwa nyuzi, yaani bolti inageuzwa pembe iliyotajwa, si zaidi wala pungufu. Sitaandika tarakimu hapa, tena kwa makusudi, kwa sababu zinatofautiana toleo kwa toleo. Hiyo ndiyo hoja yenyewe. Je, kuna fundi duniani anayeweza kubuni kichwani mwake kwamba bolti aliyokwisha kuikaza sasa ailegeze mara mbili? Hayupo, hata awe na uzoefu wa miaka 30. Jambo la namna hiyo linajulikana kwa kuambiwa tu, na anayejua ni aliyetengeneza.

Mfano wa pili ni mkanda wa taiming. Kwenye gia ndogo ya kranki shafti kuna alama mbili. Moja ni mshale unaovutia macho. Nyingine ni kijistari kidogo kwenye jino la nyuma ambacho kikichafuka kwa oili hukioni. Fundi aliyezoea magari mengine atakwenda kwenye mshale, na hata mimi ningekuwa fundi ningekwenda huko huko. Kitabu kinataka kijistari. Na kina sababu: ukipanga kwa kijistari, pistoni zote nne zinakuwa katikati ya safari yake, hakuna iliyofika mwisho, kwa hiyo valvu haziwezi kuzigonga. Tena kitabu kinatahadharisha kwamba kwenye injini zenye kemshafti mbili kila upande, zile za upande wa kushoto zinakaa zikiwa zimebanwa na springi za valvu. Ukiachia moja ikazunguka vibaya, valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Injini inaharibika kabla hata haijawashwa. Na fundi ataapa kwa mama yake kwamba alifuata alama. Ni kweli, alifuata alama. Alifuata ile aliyoiona.

Mfano wa tatu ni wa kufurahisha kwa sababu hauna gharama yoyote. Kwenye Impreza nyingi za kizazi cha kwanza, chini ya dashibodi upande wa dereva kuna plagi ndogo za waya, mbili nyeusi na mbili za kijani. Wengi tunazifikiria kama mabaki ya redio ya zamani. Kumbe zile nyeusi ukiziunganisha na kuwasha swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Mkonyezo mrefu unahesabiwa makumi, mfupi unahesabiwa moja moja. Ikikonyeza mirefu miwili na mifupi miwili ni 22, na kwenye Subaru hizo 22 ni sensa inayosikiliza kama injini inagonga. Gari lenyewe linasema linaumwa wapi! Halihitaji kompyuta wala mashine ya kupimia. Lakini ni magari mangapi ya aina hiyo yamebadilishiwa plagi, koili, pampu ya mafuta na hata kompyuta nzima kwa kubahatisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ule ukurasa mmoja unaoeleza zile waya nyeusi?

Na wa nne unawahusu wenye magari kuliko mafundi. WRX inasukuma matairi yote manne muda wote. Kwenye nyingi za gia za mkono, katikati kuna difu yenye kifaa cha kimiminika kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukifunga matairi mawili mapya mbele na kuacha yaliyolika nyuma, mizunguko inapishana, na kifaa kile kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinachemka na kufa. Kwa hiyo maagizo ni kwamba matairi manne yawe ya saizi moja na ya ulikaji unaolingana. Sisi tunanunua mawili mwezi huu, mawili tutaona mwisho wa mwaka. Kisha tunasema Subaru ni gari bovu.

Nasikia tayari kuna mdau anasema: "Aah, fundi mzoefu hahitaji kitabu, wazungu na Wajapani ndio wanaotengeneza kwa kusoma." Naheshimu uzoefu. Wapo mafundi hapa mjini wanaosikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni na kukwambia beringi ipi imekwisha. Ule ni ujuzi wa kweli na hauandikwi popote. Lakini uzoefu unakufundisha kutambua ugonjwa uliowahi kuuona. Haukupi kipimo cha kitu ambacho aliyekitengeneza peke yake ndiye anayekijua. Bibi yangu anapika pilau bila mizani na hakosei, lakini dawa ya malaria hata yeye anasoma karatasi. Pilau ikizidi chumvi tutakunywa maji. Gari lenye turbo likikosewa breki au usukani kwenye mwendo wa kilomita 140 barabara ya Chalinze, hilo ni suala lingine kabisa.

Basi tuseme umeshawishika na unataka kitabu. Hapa ndipo shughuli inapoanza, na watu wengi wanakosea kwenye hatua ya kwanza. Wanatafuta "kitabu cha Impreza" na kuchukua cha kwanza wanachokiona. Ndugu yangu, Impreza si gari moja. Kwa mfano, Wamarekani walianza kuuziwa WRX kwa toleo la mwaka 2002, yenye nguvu farasi 227, wakati Wajapani walikuwa nayo miaka kumi kabla. STI ilipofika Marekani kwa toleo la 2004 ilikuwa na injini ya lita 2.5, na wakati huohuo Mjapani aliendelea na lita 2. Kitabu kizuri sana cha Kimarekani cha STI kinaeleza injini ambayo haimo kwenye gari lako lililotoka Yokohama. Ukifuata tarakimu zake kwa uaminifu wote, umekosea kwa uaminifu wote. Kitabu kisicho cha gari lako ni hatari kuliko kukosa kitabu, kwa sababu kinakupa ujasiri.

Kwa hiyo anza na gari lenyewe. Magari yaliyouzwa Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Yana namba ya fremu, fupi, inayoanza na msimbo wa modeli: GC8 kwa sedani za turbo za kizazi cha kwanza, GDA au GDB kwa za kizazi cha pili, na kadhalika. Fungua boneti utafute kile kibati, usome msimbo wote pamoja na herufi zinazofuata, kwa sababu Subaru walikuwa wakibadilisha vitu karibu kila mwaka na herufi ndiyo inayokwambia ni mabadiliko ya awamu gani. Piga picha kibati hicho ukiweke kwenye simu. Hata muuza spea wa Gerezani au wa Kirinyaga Road atakuheshimu.

Baada ya hapo una njia kama nne. Ya kwanza ni tovuti za kiufundi za kiwanda chenyewe. Subaru, kama wenzao, wanauza ruhusa ya kuingia kwa muda, yaani unalipia siku chache au mwezi, unasoma unachokitaka na kuchapisha. Tatizo ni lile lile: tovuti ya Marekani ina magari ya Marekani. Njia ya pili ni kutafuta kitabu cha kiwanda cha soko la Uingereza au Australia. Nchi hizo zinaendesha kushoto na ziliuziwa Impreza za turbo za lita 2 tangu miaka ya 1990, kwa hiyo kitabu chao cha Kiingereza kinakaribiana na gari lako kuliko cha Marekani, ingawa kompyuta ya injini, turbo na baadhi ya nyaya hutofautiana na za Japani.

Njia ya tatu ni kitabu chenyewe cha Kijapani. Kinaitwa seibi kaisetsusho, na kinatolewa kama kitabu cha msingi pamoja na viambatisho vya mabadiliko yaliyofuata. Vilivyotumika vinauzwa kwenye minada ya mtandaoni ya Japani, na wakala yuleyule aliyekutafutia gari anaweza kukununulia na kukutumia. Usiogope Kijapani. Tarakimu ni zetu sote, michoro haina lugha, na siku hizi simu inatafsiri maandishi kwa kamera. Tafsiri itachekesha hapa na pale, lakini jedwali la kukazia bolti litakuwa jedwali.

Njia ya nne ni vitabu vya wachapishaji wa nje ya kiwanda, na mkubwa wao ni Haynes wa Uingereza. John Haynes aliianzisha kampuni yake mwaka 1960, na utaratibu wao ulijulikana: wanalifungua gari lote na kulifunga tena huku wakipiga picha na kuandika. Vile vitabu vimewafundisha ufundi watu wengi kuliko vyuo vingi. Lakini mwaka 2020 walitangaza kuacha kuchapa kwenye karatasi vitabu vipya vya aina hiyo, wakahamia mtandaoni. Ukikipata cha Impreza, soma ukurasa wa mwanzo kwa makini uone kama turbo imo au imeachwa nje. Vitabu hivi vinaandikwa kwa ajili ya mwenye gari wa kawaida, na magari ya mbio mara nyingi huachwa mlangoni.

Halafu kuna njia ya tano ambayo wote tunaijua na hakuna anayeisema kwa sauti: mafaili yanayorushwa kutoka simu hadi simu, hayana jalada, hayana mwaka, kurasa nyingine zimekatwa. Mimi ni mwandishi, naishi kwa maandishi, sitasimama hapa kutetea kunakili kazi ya watu bila ruhusa. Lakini tuwe wakweli. Mtu aliye tayari kulipa anapoambiwa kwamba kitabu cha gari lake hakiuzwi kwa nchi yake, au hakipo kwa lugha anayoielewa, umemwachia mlango upi? Aliyefunga duka asishangae watu wakipita dirishani. Na hasara ya dirishani ni kwamba hujui ulichokibeba ni cha gari lipi.

Hapa sasa tunafika kwa wakubwa. Suala la nani ana haki ya kupata maelezo ya kutengeneza gari si ndoto ya vijana wa vijiweni. Umoja wa Ulaya uliweka kwenye kanuni yake ya mwaka 2007 kwamba watengenezaji wawape mafundi wa nje taarifa za matengenezo kama wanavyowapa mawakala wao. Wananchi wa jimbo la Massachusetts kule Marekani walipiga kura mwaka 2012 kudai haki hiyo, wakapiga tena mwaka 2020 kuipanua ihusu taarifa zinazorushwa na gari kwa mawimbi, na viwanda vikakimbilia mahakamani. Australia ilianza kutumia sheria yake tarehe 1 Julai 2022. Na msiseme ni mambo ya nchi tajiri tu: Afrika Kusini, kupitia Tume yake ya Ushindani, ilianza kutumia miongozo yake tarehe 1 Julai 2021, ikitaka mafundi wa kujitegemea wapate taarifa za kiufundi na wenye magari wawe huru kuchagua gereji.

Sisi je? Tanzania tunayo Tume ya Ushindani, Kenya wanayo Mamlaka yao ya Ushindani, na jumuiya tunayo. Tunajua sana kuhesabu umri wa gari bandarini. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka minane, na Tanzania gari likiwa kuukuu linaongezewa ushuru. Sawa. Lakini gari likishalipiwa kila kitu na kupewa namba, ni nani anauliza litatengenezwa kwa maelezo gani? Tunakagua gari kabla halijapanda meli, na likishashuka tunaliachia bahati.

Najua viwanda vitajibu. Watasema: magari yale tuliyauza Japani, hatukuyaleta kwenu, hatuwajibiki. Ni jibu la kisheria, wala si la kijinga. Ila jina lililoko mbele ya gari ni lao, spea wanauza dunia nzima, na sifa ya kwamba "Subaru haifi" wanaifurahia hata Morogoro. Kuweka mtandaoni kitabu cha gari la mwaka 1998, hata kwa malipo ya haki, kutawapunguzia nini? Gari hilo halitengenezwi tena. Hakuna mshindani atakayeiba siri ya injini iliyokwisha kuagwa. Watasema pia ni suala la usalama, kwamba maelezo yakiwa huru wezi wataiba magari. Basi misimbo ya funguo ifungwe, hakuna anayeidai. Sisi tunadai jedwali la bolti, mchoro wa nyaya na utaratibu wa breki. Usalama unaongezekaje kwa fundi wa breki kutojua?

Lakini tusiisubiri serikali wala Tokyo. Kuna mambo tunayoweza kuyafanya wenyewe mwezi huu. Vikundi vya wenye Subaru vipo, vinapanga safari za Bagamoyo na Naivasha, vinachangishana kwa fulana na stika. Mchango wa safari moja unatosha kununua kitabu halali cha modeli ambayo wanachama wengi wanayo. Mtu mmoja anayejua Kiingereza vizuri na fundi mmoja anayejua majina ya gereji wakae pamoja wachukue zile tarakimu za muhimu, hedi, taiming, beringi, breki, vikombe vya mpira vya miguu, waziandike kwa Kiswahili cha gereji na kuzibandika ukutani karatasi ikiwa imefunikwa kwa plastiki. Si Kiswahili cha kamusi ambacho fundi hatakielewa. Fundi akisema "koni rodi" andika koni rodi.

Na tununue toki renchi, yaani ile spana yenye kipimo. Kitabu kikisema kaza kwa kiasi fulani na gereji nzima haina cha kupimia, tumefanya kazi bure. Tunaona ni sawa kutoa laki kadhaa kwa taa za rangi chini ya gari, lakini fundi akisema anahitaji kifaa tunaona anatupiga.

Mwisho, tubadilishe namna tunavyomchukulia fundi anayesoma. Nimesikia watu wakicheka wakimwona fundi amesimama na simu anasoma huku injini iko wazi. "Huyu hajui, anaangalia kwenye simu!" Jamani. Rubani aliyerusha ndege miaka 20 anasoma orodha yake kila anapotaka kuruka, na sisi abiria tunashukuru. Tunataka fundi wa Subaru asisome kwa sababu gani? Fundi anayefungua kitabu mbele ya mteja anasema kwamba gari lako ni muhimu kuliko sifa yake. Mimi huyo ndiye ningempa funguo.

Kwa hiyo mdau, ukimwona mshkaji anashangilia ndinga yake mpya kutoka Japani, mpongeze kwa moyo wote. Kisha umuulize lile swali la kwenye kichwa cha habari. Akikujibu kwamba fundi wake anajua kila kitu, muulize fundi huyo bolti za hedi ya EJ zinalegezwa mara ngapi.

Naomba kutoa hoja.